Akiba ya Saa

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Sheffield.
Theluji ya jana imekuwa uji kwenye reli za tramu,
nami ghorofani, juu ya duka la mchonga funguo,
nawasha kompyuta kabla sijavua glavu.
Inanisalimu kwa takwimu:
"Wiki iliyopita umeokoa saa kumi na moja
na dakika arobaini. Hongera, Mwanasiti."

Nimezitafuta.
Nimekung'uta koti, nimepekua droo,
nimechungulia nyuma ya kabati la majalada
alikoficha biskuti zake Pauline kabla hajapunguzwa.
Saa kumi na moja si sindano.

Zamani nilifasiri maneno elfu mbili kwa siku,
na neno moja likigoma
liliweza kula alasiri nzima.
Siku ya barua ya wodi ya wazazi
nilimpigia mama mdogo Rehani, mkunga mstaafu, Tongoni,
nikamuuliza kile kinachomfuata mtoto mnakiitaje.
"Zalio," akasema. "Kondo la nyuma ni la vitabuni."
Kisha akanieleza mbuzi amezaa pacha,
nani kaolewa, nani kaachwa,
nani kafanya yote mawili kabla ya Ramadhani.
Dakika hamsini zikaenda
na hakuna aliyeandika popote kwamba zimepotea.

Sasa mashine inafasiri, mimi nasahihisha.
Elfu saba kwa siku. Nane, nikila mezani.
Bei ya neno ni theluthi ya ilivyokuwa,
maana, asema Bwana Hattersley, kazi kubwa imeshafanywa.
Si mtu mbaya, analea paka wa miguu mitatu,
ila hesabu kaipokea kama nilivyoipokea mimi:
imeshajumlishwa.

Nisiseme uongo, inajua mengi.
Inajua kongosho, inajua bandama,
na ikifika saa tisa haipigi miayo.
Sentensi nyingine inaziandika vizuri hadi naona wivu,
nazisoma mara mbili nikitafuta kosa
kama mke mwenza anayekagua chapati.

Ila Alhamisi ilimwandikia Bwana Athmani Madi,
Mbajuni wa Darnall, miaka sabini na minne,
aliyewekewa kibetri kifuani
cha kuukumbusha moyo zamu yake:
"Mgonjwa atatokwa na usaha Jumamosi saa nne asubuhi.
Tafadhali mwandalieni usafiri."

Kwa Kiingereza ni neno moja,
kuruhusiwa kwenda nyumbani, na usaha.
Nilicheka peke yangu hadi mchonga funguo akagonga dari.
Kisha nikanyamaza.
Jumatano yake nilipitisha elfu nane na mia moja,
macho yakiteleza juu ya mistari
kama matairi kwenye kilima chenye barafu.
Je, ilikuwamo barua kama hii?
Nani ameketi sasa hivi ukingoni mwa kitanda,
koti mapajani,
akingoja usaha wake?

Nikarudi Jumatano, barua kwa barua,
saa tatu na nusu, bila malipo.
Kioo kikageuka rangi ya chungwa:
"Kasi yako imeshuka. Unahitaji msaada?"
Nikabonyeza ndiyo.
Ikaniletea video ya kunyoosha shingo.

Nilipata kosa moja tu:
kibofu cha mkojo mahali pa kifuko cha nyongo.
Nikapiga simu hospitali. Wakashukuru,
wakaniuliza kama nimejaza fomu.

Waliosema akiba haiozi
hawakuweka saa.

Jioni nikampigia mama mdogo Rehani.
"Neno gani leo?" akauliza.
Hakuna neno, nikamwambia.
Akanyamaza kidogo, akishuku msiba,
kisha akaanza na mbuzi.